Bombani Uyole, Mbeya, jioni hii

Baridi imeshashuka, foleni ya ndoo za lita 20 ndefu.

Mtoto wa miaka kama saba kaacha bomba linamwagika, anaosha mpira. Nyuma yake bibi anasubiri.

Mama yake hakufoka. Alichuchumaa: "Mpira ni wako, kuuosha ruksa. Maji je, ni ya nani?"

Mtoto akaitazama ndoo tupu ya bibi.
Kimya.
Akafunga bomba.

Ile ndoo ilimfundisha kuliko kofi. Uhuru wa mtoto uwe na mpaka anaouona kwa macho: "Utaosha kwa kopo moja, sasa au foleni ikiisha." Chaguo mbili zinamtosha, na zote uwe tayari kuzikubali. Ukimwambia achague kisha ukampinga, kesho hatakuamini.

Akikosea, arekebishe siku hiyohiyo kwa mikono yake. Huyu alimbebea bibi kidumu cha lita 3 mpaka kwake. "Samahani" ya kulazimishwa ataitamka tu ili aachwe.

Hata Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni, na humohumo inamwekea wajibu kwa familia na jamii.

Wazazi wenzangu, kwenu mpaka wa kwanza mliuweka kwenye nini?