Picha za mwanetu wa siku sita

Picha za mtoto wetu wa kwanza nilizipiga usiku, nimemsimamia kitandani na flashi imewaka. Ninazo zaidi ya mia mbili. Karibu zote zinafanana: ngozi imepauka, kivuli kikali nyuma ya kichwa, na yeye amekunja uso. Zinaniuma, kwa sababu leo nikijaribu kukumbuka sikio lake lilivyokuwa wiki ile, picha hazinisaidii.

Alipozaliwa mdogo wake nilianza kutafuta mwanga kabla ya kushika simu. Kwa siku mbili nilizunguka nyumba nzima nikiunyoosha mkono wangu karibu na kila dirisha, nikiangalia vivuli vya vidole. Dirisha la chumba chetu ndilo lililofaa, kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi, pazia jeupe jepesi likiwa limeshushwa ili jua lisimpige machoni. Taa zote nilizima. Balbu ya manjano ikichanganyika na mwanga wa mchana, ngozi ya mtoto hupata rangi ambayo hana. Hata shuka lenye rangi kali humrudishia rangi yake shavuni, kwa hiyo tulitandika jeupe, bila maua wala michoro.

Kilichonichukua muda mrefu kukielewa ni upande wa kichwa. Kichwa kikielekea dirishani, kwa mshazari kidogo, mwanga unateremka kutoka kwenye paji hadi kidevuni na pua inaacha kivuli kidogo chini yake. Miguu ikiwa ndiyo iliyoelekea dirishani, mwanga unapanda kupitia kidevu na kuingia kwenye matundu ya pua, na uso wote unaharibika. Ni mtoto yuleyule na dirisha lilelile! Nilipoligundua hilo nilikaa kitandani nikazifikiria zile picha mia mbili.

Siku ya sita alinyonya, akacheua, akalala fofofo. Chumba kilikuwa na joto la kutosha. Nilirudi nyuma nusu hatua na kutumia lenzi ya mbali ya simu, maana simu ikisogezwa karibu mno pua inakuwa kubwa kuliko ilivyo. Shuka jeupe huidanganya simu ikatia giza picha nzima. Niligusa uso wake kwenye kioo, kisha nikapandisha mwangaza kidogo.

Mikao ya kubuni sikuitaka. Ile picha ya kichanga aliyeegemeza kidevu juu ya viganja huwa ni picha mbili zilizounganishwa, na katika kila moja kuna mtu anamshikilia kichwa au mikono, kisha vidole vya mtu huyo vinafutwa. Shingo ya mtoto mchanga haiwezi kubeba kichwa chake. Tafadhali usijaribu nyumbani. Wetu alilala chali muda wote, mkono wa mama yake ukiwa karibu, na kamba ya simu nimeizungusha kwenye kiganja changu nisije nikamwangushia.

Tena, kulala kwake chali kulinipa vyote nilivyovihitaji. Ngozi inayobanduka kwenye vifundo vya miguu. Malaika laini mabegani. Mkwaruzo alioupata kwa kucha zake mwenyewe, ambao sikuufuta na sitaufuta. Kitovu kikiwa bado na kibanio chake. Kilidondoka siku ya tisa, nami nilifurahi mno kwamba nimewahi. Nilimwekea kidole kiganjani, akakifumbata papo hapo bila kuamka. Nikapiga kwa mkono mmoja, na ndiyo picha pekee ambayo ina mimi.

Ya mwisho ilikuwa ya mke wangu. Alikataa kwanza, akisema hajachana nywele na macho yamevimba kwa kukesha. Nilimwomba, kwa sababu kwenye picha za mtoto wa kwanza hayumo kabisa. Akakaa ubavuni mwa dirisha na mtoto mkononi, nami nikasogea pembeni wasahau kwamba nipo. Mtoto wa umri ule huona vizuri kitu kilicho kama sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni pake, basi. Ndio umbali wa uso wa mama anaponyonyesha. Alifumbua macho kwa muda mfupi sana. Katika picha hiyo anamtazama mama yake, na anamwona.