Nilivyoivuka kalkulasi ya wanabaiolojia kwa daftari la kidato cha pili

Wiki ya kwanza chuoni, kaka mmoja wa mwaka wa tatu alinikuta kwenye foleni ya steshenari akaniambia, "Mdogo wangu, usijitese. Kalkulasi, hizi hesabu za kasi ya mabadiliko, ya watu wa baiolojia haina mambo. Tafuta mitihani ya miaka mitano iliyopita, kariri, utapita." Nilimwamini kwa sababu yeye alikuwa ameshapita. Ushauri ule ulinigharimu alama kumi na moja kwenye testi ya kwanza, na kila wanapokuja wageni nasikia wanapewa ule ule. Unaniudhi mpaka leo.

Mhadhiri alitugawia karatasi mbili za mwongozo wa kozi. Semina za kila wiki alama 10, testi mbili za alama 15 kila moja, mtihani wa mwisho 60. Ukiwa chini ya 16 katika zile 40 za mwanzo, mtihani wa mwisho hufanyi. Testi ikikupita hairudiwi bila karatasi ya hospitali. Jibu lisilo na hatua halina alama. Na kila swali la viumbe limalizwe kwa sentensi inayoeleza namba uliyopata ina maana gani. Tulinung'unika sana kuhusu hiyo sentensi. Wengi tulitoka CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia), BAM, yaani hesabu za ziada za kidato cha tano na sita, tuliisoma haraka haraka ili tu isituharibie cheti, sasa tena tuandike na maelezo?

Nikarudufu madesa, yaani mitihani ya zamani na majibu yake, ya elfu sita au saba hivi, nikakariri usiku na mchana. Testi ikaja Desemba. Swali la kwanza: dawa kwenye damu hupungua nusu kila saa 4, itachukua muda gani kubaki moja ya nane? Kwenye madesa swali lilikuwa "muda wa kubaki nusu", na hatua zake nilizijua kama jina langu. Nikazimwaga zote, nikaandika saa 4. Hizo saa 4 zilikuwa kwenye swali lenyewe! Moja ya nane ni nusu ya nusu ya nusu, yaani saa 12. Swali la tatu lilikuwa kasi ya kimeng'enya, ule mlinganyo wa Michaelis na Menten wa 1913: kasi ya juu kabisa mara S (wingi wa kitu kinachovunjwa), gawanya kwa Km (namba isiyobadilika ya kimeng'enya chenyewe) jumlisha S. Nilikata S ya juu na S ya chini, nikaendelea kwa raha zangu mpaka mwisho wa ukurasa. Nilipata 4 kati ya 15.

Jumatano mhadhiri alikuwa anapokea wanafunzi ofisini. Nilikwenda nimejiandaa kulia shida. Akaichukua karatasi, akazungushia wino makosa yangu moja moja, kisha akaniuliza, "Mwanangu, kosa la kalkulasi liko wapi hapa?" Nikatafuta. Halikuwepo hata moja! Kila nilipoanguka, niliangushwa na hesabu za sehemu, vipeo na logi. Kuhusu ile S niliyoikata akaniambia, "Jibu lako linasema kimeng'enya kinafanya kazi kwa kasi ile ile hata kama hakuna chakula cha kuvunja. Umesoma baiolojia, hukushtuka?"

Usiku ule nilimpigia mdogo wangu wa kike, aliyekuwa ametoka kufanya mtihani wa kidato cha pili.

"Dada, naomba daftari lako la hesabu."

"Kaka, uko chuo kikuu, la nini tena?"

Alilituma kwa basi, parseli kama elfu tatu. Nilifanya mazoezi yote ya vipeo, logi na milinganyo ya kipeo cha pili, kurasa kwa kurasa, wakati wenzangu wako kwenye diskasheni wanapiga msuli wa integrali. Ilinichukua likizo ya Krismasi yote. Sijawahi kusoma kitu kilichonilipa kama kile.

Kilichobaki kilikuwa ile sentensi ya kueleza maana ya namba, na hapo ndipo kozi ilipogeuka tamu. Nilichukua mlinganyo wa Verhulst wa 1838 wa jinsi viumbe wanavyoongezeka, dN/dt = rN(1 − N/K), ambapo dN/dt ni kasi ya ongezeko, N ni idadi yao, r ni kasi ya kuzaana wakiwa wachache na K ni idadi ambayo mazingira yanaimudu, nikauwekea nyumbu wa Serengeti. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa kama 250,000. Ugonjwa wa sotoka ulipotoweka baada ya ng'ombe wa jirani kuchanjwa, waliongezeka mpaka wakatulia kwenye 1,300,000 hivi, kwa kuwa malisho ya kiangazi hayatoshi zaidi. Wakiwa wachache, mabano yanakaribia 1 na wanazaana watakavyo. Wakikaribia K, mabano yanakaribia sifuri. Ukitafuta wapi kasi ni kubwa kuliko pote unapata K/2, yaani nyumbu 650,000. Hata bila kalkulasi unaweza kuhakikisha: ni mlinganyo wa kipeo cha pili, unagusa sifuri kwenye 0 na kwenye K, kilele lazima kiwe katikati. Hiyo ilikuwa kwenye daftari la dada!

Tena andika vizio (samaki, saa, mwaka) kila mstari, usisubiri mwisho. Testi ya pili ilileta bwawa la samaki, K ni 12,000, r ni 0.5 kwa mwaka, ongezeko kubwa kabisa ni lipi? Nikapata 3,000. Nilipoanza sentensi, "Bwawa litaongeza samaki 3,000 kwa...", kalamu ikasimama. Kwa muda gani? Hesabu yangu ilikuwa na samaki tu, "kwa mwaka" haikuwemo popote. Nilikuwa nimeisahau r. Nikairudisha: samaki 1,500 kwa mwaka. Nilitoka na 13 kati ya 15.

Semina nilipata 9, hizo ni alama za bure kwa anayehudhuria na kukusanya kazi kwa wakati. Niliingia mtihani wa mwisho na 26 mkononi, nikamaliza kozi na 67, B+. Mama alinifanya nimsomee matokeo mara mbili kwenye simu.

Daftari la dada bado sijalirudisha. Liko kwa jirani yangu wa bweni, ana sapu, mtihani wa marudio, Septemba, na jana ameanza logi.