Deli la soda na sigaa za mjomba

Sigaa ya kwanza ilipasukia mkononi mwa mjomba. Ilikuwa Agosti, saa kumi jioni, tumekaa barazani hapa Cheyo, Tabora, vumbi limetulia kidogo. Aliifinya taratibu kwa vidole viwili, kama mtu anayepima parachichi sokoni, jani la nje likatoa mlio mdogo na ufa ukakimbia kutoka mwisho hadi kwenye ile pete ya karatasi. Mjomba hakusema kitu. Aliirudisha sandukuni, akafunga kifuniko, akaniomba chai.

Mjomba wangu ni daktari mstaafu. Alisomea Kuba miaka ya 1980, na rafiki yake wa chuoni alikuwa amemletea sanduku la sigaa 25. Kwa asiyezijua, sigaa ni tumbaku nene iliyoviringwa kwa jani la tumbaku yenyewe badala ya karatasi. Wazee wengine huiita biri. Mjomba havuti kila siku. Huwasha moja kwa mwezi, labda mbili kukiwa na harusi. Kwa hesabu yake sanduku lile lingemfikisha karibu miaka miwili, lakini kiangazi cha Tabora kilikuwa kimeanza kuliharibu ndani ya wiki sita tu.

Iliniuma, kwa sababu mimi ni mtoto wa tumbaku. Nimekulia Urambo, ambako baada ya mpango wa karanga wa Waingereza kushindwa, zao lililoshika mizizi ni tumbaku. Nimefunga majani kwenye fito tangu nikiwa darasa la tatu. Mama alikuwa na bani mbili, zile nyumba za kukaushia tumbaku kwa moto, na moto ukishazimwa na majani yameiva rangi ya chungwa, hakuruhusu mtu ayaguse. Jani lililotoka kwenye moto ni kama biskuti, ukilishika linabaki unga. Usiku mama alifungua mlango wa bani, akaacha hewa ya alfajiri iingie, na asubuhi jani lile lile ungeweza kulikunja kama leso bila kuvunjika. "Tumbaku haitaki maji," alikuwa akituambia, "inataka pumzi." Sasa mimi, niliyelelewa kwa sentensi hiyo, nikaenda kufanya kinyume chake.

Nilichukua kontena la plastiki la kuhifadhia chakula, nikaweka sigaa kumi za majaribio, nikachovya sponji mpya kwenye maji ya bomba, nikaitupa pembeni na kufunga. Siku ya tisa nilifungua. Kwenye miisho ya sigaa tatu kulikuwa na manyoya ya kijani yenye weupe, na harufu ni ile ya gunia la karanga lililonyeshewa. Ukungu ukishaingia ndani ya sigaa hakuna kuokoa. Tatu zile nilizitupa, na nilimweleza mjomba siku hiyo hiyo. Alinitazama akasema, "Mpwa wangu, basi tafuta namna. Wewe ndiye unayejua majani."

Nilianza na namba, kwa sababu kwa macho na vidole peke yake nilikuwa nimeshashindwa. Sigaa hukaa vizuri hewa inayoizunguka ikiwa na unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Ikishuka sana mafuta ya jani yanakauka na ladha inaondoka nayo. Ikizidi 75 kwa muda mrefu unakaribisha ukungu. Kipima unyevu nilikipata kwa watu wanaouza vifaa vya mashine za kutotolea vifaranga, maana nao hawawezi kazi bila hicho. Shilingi 15,000. Nilipokiwasha barazani saa nane mchana kilisoma 28. Hapo nikaelewa zile sigaa zilikuwa zinapitia nini.

Kipima cha bei hiyo usikiamini kabla hujakipima chenyewe. Njia ni rahisi mno na kila nyumba ina vifaa. Nilichukua kizibo cha chupa ya maji, nikajaza chumvi ya Uvinza, nikadondoshea matone machache ya maji hadi ikawa kama uji mzito, isiwe ya kuelea. Nikaweka kizibo na kipima pamoja ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, nikaacha siku nzima. Hewa iliyofungiwa na chumvi ya namna hiyo hutulia kwenye asilimia 75, hali ya hewa ya nje iwe vyovyote. Kipima changu kilisoma 71. Kwa hiyo tangu siku hiyo kila nisomacho naongeza nne. Nimeandika "+4" kwa kalamu ya wino mgongoni mwake.

Jaribio lile lilinifundisha kitu kikubwa kuliko hiyo nne. Chumvi iliyoloa kiasi hicho hewa ikiwa kavu inatoa unyevu, hewa ikiwa na maji mengi inaunyonya. Sponji haijui kunyonya unyevu ukizidi, inatoa tu hadi iishe. Nikajua ninachotafuta ni kitu kinachofanya kazi pande zote mbili, kama hewa ya bani ya mama.

Chombo nilikipata stendi. Kijana anayeuza soda na maji baridi alikuwa amenunua deli jipya, lile la zamani lilikuwa limevunjika bawaba moja. Lita 40, kuta nene, rangi ya bluu iliyopauka. Alitaka 25,000, tukakubaliana 18,000. Watu hufikiri sigaa lazima zikae kwenye sanduku la mbao linalong'aa. Kwa nchi yenye joto na ukavu kama huu, deli linalishinda sanduku kwa mbali: lile povu la ndani ya kuta linalozuia barafu isiyeyuke ndilo linalozuia joto la mchana lisiingie, na plastiki hainywi unyevu wako.

Harufu ndiyo ilinila muda. Nililiosha kwa maji ya moto na magadi soda mara tatu, nikalianika juani likiwa wazi, usiku nikalijaza magazeti yaliyofinyangwa na kuyabadilisha kila asubuhi. Jirani alinishauri niweke kahawa ya unga inyonye harufu. Nilikataa, maana ningeishia na deli linalonuka kahawa, na tumbaku hubeba harufu ya chochote iliyolala nacho. Siku ya 16 niliingiza kichwa chote ndani, nikavuta pumzi, sikusikia kitu. Kabla ya hapo usiweke hata sigaa moja.

Kupima kama kifuniko kinabana, tumia noti. Nilibana noti ya 1,000 kwenye mdomo wa deli, nikafunga na kuivuta, nikasogea kidogo na kurudia kuzunguka pande zote. Kote ilikataa kutoka, isipokuwa kona ya bawaba iliyovunjika, ilipoteleza kama hakuna kitu. Fundi friji alinipa kipande cha mpira wa mlango wa friji bure. Nilikibandika kwa silikoni ya kutengenezea matangi ya samaki, ambayo ikiwa mbichi inanuka siki kali, kwa hiyo nikaliacha deli wazi wiki nzima tena. Gundi ya viatu nisingeithubutu. Tundu la chini la kutolea maji nalo nililiziba kwa silikoni hiyo hiyo.

Kisha mbao. Mbao inayosifiwa kwa kazi hii duniani kote watu huiita mwerezi wa Hispania, ingawa si mwerezi wala haitoki Hispania. Ni sedrela, mti wa Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi, ndugu wa ukoo mmoja na mkangazi na hata mwarobaini wetu. Inanywa unyevu na kuurudisha polepole, na harufu yake haigombani na tumbaku. Fundi seremala wangu alitaka kunipa mtarakwa, ule wa penseli, kwa kuwa "nao ni mwerezi". Nilimshukuru nikamwambia hapana, harufu yake ni kali, mwezi mmoja tu sigaa zingeonja penseli. Msonobari ndiyo usiseme, una utomvu. Sedrela yenyewe haiko mbali kama nilivyodhani. Ilipandwa Morogoro zamani, na imekubali ardhi ile kiasi cha kuvamia msitu wa asili wa Kimboza. Binamu yangu anayeishi Morogoro aliniokotea vipande vya mabaki kwa seremala wa huko, vikaja kwa basi ndani ya kiroba. Nilivipiga msasa, bila rangi wala vanishi, nikaunda trei mbili zenye nafasi katikati ya vibao ili hewa ipite.

Mbao kavu ni mwizi. Ukiweka sigaa kwenye trei zilizotoka juani, mbao itazinyang'anya kile kidogo zilichobakiza. Kwa hiyo niliweka trei tupu ndani ya deli pamoja na bakuli la maji yaliyokenekwa, nikafunga. Maji hayo huuzwa kwenye maduka ya vipuri kwa ajili ya betri za magari, lakini soma chupa vizuri, kwani kwenye rafu hiyo hiyo kuna tindikali. Maji ya bomba huacha chumvichumvi na huja na vimelea vyake. Siku ya kwanza kipima kilipanda hadi 70, asubuhi kikawa 61, maana mbao ilikuwa imekunywa. Kikapanda tena, kikashuka tena. Siku ya 12 kikatulia, nikaondoa bakuli.

Kwa unyevu wa kudumu niliagiza kupitia Dar es Salaam vile vifuko vya chumvi vya Boveda, vya asilimia 65, vinne vya gramu 60. Ndani ya kifuko kuna maji yaliyokolea chumvi, na ngozi yake inapitisha mvuke tu. Ni kizibo changu cha chumvi ya Uvinza kilichofanywa kwa ustadi zaidi. Wapo wanaochanganya maji na propilini glaikoli nusu kwa nusu, nayo hushikilia karibu na 70. Lakini mtu asije akamimina dawa ya rejeta akidhani ni kitu kile kile. Ile mara nyingi ni ethilini glaikoli, ni sumu.

Zile zilizokauka sikuziingiza moja kwa moja. Jani lenye kiu likipewa yote kwa mkupuo, tumbaku ya ndani inavimba kabla ya jani la nje kulegea, na sigaa inapasuka. Kwa wiki tatu niliziacha ndani ya sanduku lao la mbao, sanduku ndani ya deli, kifuniko kimefungwa, ili unyevu upenye kidogo kidogo. Kila Jumapili nilizigeuza na kufinya moja, ile ile, karibu na mwisho. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu kama kalamu. Wiki ya pili iliitikia kidogo. Ya tatu, kidole kilizama kiasi cha unene wa ukucha na jani likarudi lenyewe mahali pake bila mlio. Nilikaa chini jikoni. Nilikuwa nimeshika kitu ambacho mama angekitambua akiwa amefumba macho. Mbili zilizokuwa na nyufa ndefu mjomba alizikatakata, akazivutia kwenye kiko.

Oktoba ilikuja na hofu nyingine. Aliyewahi kukaa kwenye ghala la tumbaku anamjua yule mdudu mdogo wa kahawia anayeacha matundu kama ya sindano. Mayai yake yanaweza kuwa ndani ya jani tangu ghalani, na joto likipita nyuzi 24 au 25 kwa muda huanguliwa haraka. Mchana wa Oktoba hapa unapita 30 bila shida. Niliziweka sigaa zote kwenye mifuko miwili miwili isiyopitisha hewa, siku tatu kwenye sehemu ya kugandishia ya friji, siku moja sehemu ya chini, kisha mezani hadi baridi iziishe kabisa kabla ya kufungua mifuko, zisije zikatoka jasho. Umeme ulikatika usiku wa pili, nikaanza kuhesabu upya siku tatu. Deli lenyewe nililihamishia chumba cha ndani chenye ukuta wa tofali za udongo, juu ya sakafu ya saruji, chini ya kitanda, mbali na bati. Ndani hukaa nyuzi 22 au 23 hata nje kukiwaka.

Mvua zilipoanza Novemba nililiangalia deli kwa wasiwasi zaidi kuliko kiangazi. Januari barazani kipima kilisoma 84, ndani ya deli 67, na vile vifuko vilivyokuwa vimeanza kukakamaa vikalainika tena.

Machi, baada ya mvua ya alasiri, mjomba alikuja.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Leteni basi tuione."

Nilimletea trei nzima achague. Alichagua ile niliyokuwa nikiifinya kila Jumapili, bila mimi kumwambia. Akaikata, akaipasha mwisho kwanza kwa kiberiti bila kuigusisha na moto, akavuta. Majivu yalikaa, meupe na mazima, urefu wa pingili ya kidole, hadi alipoyagonga mwenyewe. Alivuta karibu saa nzima akinisimulia bweni lao, Havana, na mvua za huko. Alipoondoka aliniomba niangalie tena stendi kama yule kijana ana deli jingine, kwa sababu rafiki yake anakuja Julai.