Mzee Aliyebishana na Dodoso

Nikiwa bado mwanafunzi wa saikolojia nilipata kazi ya kuhoji wagonjwa wa shinikizo la damu. Maelekezo yalikuwa mafupi: msomee mgonjwa sentensi kama ilivyoandikwa, usimfafanulie, usitikise kichwa, zungushia namba atakayotaja. Moja ni nakataa kabisa, tano ni nakubali kabisa. Sentensi zilikuwa 60, kumi na mbili kwa kila moja ya zile sifa tano ambazo watafiti wengi wa haiba huzitumia: uchangamfu, upole kwa watu, uwajibikaji, wepesi wa kupatwa na wasiwasi, na utayari wa kupokea mambo mapya. Lengo la utafiti lilikuwa kuona kama uwajibikaji unaendana na umezaji wa dawa.

Wengi walijibu mbiombio ili waende zao. Kuna mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye hakuwa na haraka hata kidogo. Mkewe alimsindikiza, na kwa kuwa chumba kilikuwa hicho hicho kimoja, alikaa pembeni yetu.

"Mimi ni mtu wa kutimiza ninachoahidi," nikasoma.

"Nimemuahidi nani?" mzee akauliza.

Nikarudia sentensi kama ilivyoandikwa.

"Mwanangu, mtu huahidi kwa mtu. Mtungaji wa swali hili hakumtaja, halafu anataka namba."

Tukaenda hivyo hivyo. Alipofika katikati akanyoosha kidole: "Hili umeshaniuliza kule juu. Umeligeuza tu." Alikuwa sahihi. Sentensi nyingine hugeuzwa makusudi, kwa sababu wapo watu ambao hukubali chochote wanachosomewa, na ukizipanga zote upande mmoja utawaona wote ni malaika. Yeye alikuwa wa kabila jingine kabisa, la wanaokataa kwanza ndipo wafikirie. Sikuruhusiwa kumweleza lolote kati ya hayo, nikabaki nimekodoa macho kwenye karatasi.

Turudi kwenye ahadi. Mwishowe alisema, "Andika tano. Deni la mtu sijawahi kulala nalo, na darasani sikuwahi kuchelewa."

Mkewe akacheka. "Na dawa?"

"Dawa zimefanyaje?"

"Anameza siku kichwa kikimgonga," akaniambia mimi, si yeye. "Kikitulia, anazisahau. Mwandikie mbili."

Mzee hakukasirika. "Dawa sijamuahidi mtu," akasema.

Nimekutana na majibu mengi tangu siku hiyo na sijapata lililonifundisha zaidi kuhusu kazi hii. Mzee hakuwa akidanganya. Wajibu wake ulikuwa kwa watu: mdai, mwanafunzi, mwajiri. Presha haidai. Mara nyingi haina dalili yoyote, kwa hiyo mtu anayesubiri kuhisi kitu ndipo ameze dawa anaweza kukaa muda mrefu bila kuimeza, huku akijiona mtimilifu. Mkewe alikuwa na ushahidi ambao dodoso halikuwa na namna ya kuupata, yaani pakiti ya dawa na idadi ya vidonge vilivyobaki ndani yake.

Kilichonisumbua zaidi ni kukumbuka hoja yetu, kwamba uwajibikaji unaendana na afya, tuliitoa wapi. Mwaka 1921 mwanasaikolojia Lewis Terman alianza kufuatilia watoto wapatao 1,500 wenye akili nyingi huko California. Mwaka 1993 Howard Friedman na wenzake walitazama nani kati yao alikuwa amekufa na nani bado yu hai, wakakuta waliokuwa watoto waangalifu na wa kutegemewa waliishi miaka mingi zaidi. (Wachangamfu wenye mizaha, kinyume na matarajio ya wengi, walitangulia kufa.) Lakini watoto wale hawakujipima wenyewe. Waliowapima walikuwa wazazi na walimu wao. Ushahidi ulitoka vinywani mwa wengine, nasi tukaubadilisha kuwa dodoso ambalo mtu anajisemea mwenyewe, kisha tukamkataza mke kusema.

Baada ya haiba ilifuata orodha ya dalili. Mzee hakuweka alama hata moja. "Sina kitu," akasema, na faili lililokuwa mezani lilisema mengine. Mkewe, ambaye hakuulizwa, alikuwa na mgongo, magoti, kizunguzungu na usingizi usiokuja. Hapo pana mtego wa zamani. Wanasaikolojia David Watson na James Pennebaker walionyesha mwaka 1989 kwamba wenye wasiwasi mwingi huripoti maumivu mengi zaidi, ilhali vipimo vya mwili havionyeshi tofauti kubwa kiasi hicho. Ukiuliza kinywa kimoja kuhusu tabia na kuhusu ugonjwa, sehemu ya uhusiano utakaoupata ni mazoea ya kulalamika tu. Ndiyo maana mtafiti Sheldon Cohen, aliyewatia virusi vya mafua puani watu waliojitolea, hakuridhika na kuwauliza wanajisikiaje: alipima hadi uzito wa kamasi walizopenga.

Maneno ya mama yule niliyaandika pembeni mwa fomu. Msimamizi wangu aliyaona akayapiga mstari. Hakuwa mshiriki, akasema, hakusaini kitu. Kwa sheria za utafiti alikuwa sawa. Mzee akaingia kwenye kompyuta akiwa na alama ya juu ya uwajibikaji na presha isiyotulia, mmoja wa wale wanaoharibu grafu.

Mwaka 2015 Joshua Jackson na wenzake walichapisha uchambuzi wa watu 600 waliokuwa wachumba miaka ya 1930 na ambao haiba zao zilipimwa pia na marafiki, wengi wao wasimamizi wa harusi. Alama walizotoa marafiki zilibashiri urefu wa maisha vizuri kuliko alama walizojipa wenyewe. Nilipousoma nilijua utafiti gani wa kufanya.

Niliomba kibali cha dodoso mbili, moja ya mgonjwa na moja ya anayeishi naye. Kamati ya maadili iliuliza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: mke akimpa mume alama mbili, naye mume akaja kudai kuiona, jibu hilo ni mali ya nani? Tulijadili muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Tukakubaliana kila mmoja asaini ridhaa yake, ahojiwe peke yake, na asionyeshwe fomu ya mwenzake. Vidonge navyo vihesabiwe.