Filadelfia ya Chaco, kabla ya Msumbiji

Mkutano mkuu wa Wamennonite duniani, Wakristo wa dhehebu la Kiprotestanti, ulipomalizika jijini Asunción, Paraguay, Julai 2009, wenzangu wengi walikimbilia uwanja wa ndege. Mimi nilikuwa na nafasi kidogo kabla ya kuhamia Msumbiji kwa kazi ya kujitolea, nikadandia basi la kwenda Filadelfia, makao ya Fernheim, koloni (yaani makazi) ya Wamennonite huko Chaco, nyika ya magharibi mwa Paraguay, yapata kilomita 450.

Barabara ya Trans-Chaco imenyooka mpaka usingizi unakuja wenyewe. Vichaka vya miiba, malori ya ng'ombe, na vumbi linaloingia hata madirisha yakifungwa.

Sisi wa Mara tunamjua Mmennonite kuwa mtu wa kanisani: wamisionari waliofika Shirati mwaka 1934, hospitali, kwaya. Filadelfia Mmennonite ni kama kabila. Wana Kijerumani chao cha nyumbani, shule zao, na chama cha ushirika kinachonunua maziwa ya wafugaji na kulipa kwa wakati. Mtu anayekumbuka yaliyovikuta vyama vyetu vya pamba lazima aone wivu. Mimi niliuona.

Mama aliyenipokea alizaliwa hapohapo, wa wazazi waliokimbia Urusi ya Stalin na kufika mwaka 1930. Homa ya matumbo iliwafyeka wengi mwaka ule wa kwanza. Maji ya visima ni ya chumvi, kwa hiyo nyumba yake hunywa mvua: inashuka kutoka batini, inapita kwenye mfereji hadi tangi la saruji lililo chini ya ardhi. Alifunua kifuniko, akateka, akanipa kikombe huku akinitazama usoni hadi nilipokimaliza.

Nikamuuliza vijana wao hujitolea kutumika wapi. Wengi, akasema, huenda Km 81, hospitali ya wenye ukoma iliyoanzishwa mwaka 1951 kuishukuru nchi iliyowapokea.

Nchi, sawa. Lakini jioni nilitembea hadi mtaa wa Waenlhet, wenyeji wa pale kabla ya wote. Kijana mmoja, kibarua wa kukamua ng'ombe, alizungumza Kijerumani cha mabosi wake kwa ufasaha, mwenzangu niliyetembea naye akanitafsiria. Bwawa alilokuwa akinywea babu yake sasa liko ndani ya uzio. Wakimbizi waliinunua ardhi kihalali, kutoka kwa kampuni iliyokuwa na hati. Waenlhet hawakuulizwa na yeyote. Baadaye walihubiriwa, na leo wana makanisa yao. Hilo nalo ni kweli, na silidharau.

Sikulala vizuri. Asubuhi niliwaandikia wenyeji wangu wa Msumbiji: ile nyumba mliyoniandalia, nani alikuwa akiishi humo, na kazi niliyopangiwa, nani aliiomba? Jibu lilinikuta Asunción. Nyumba ni ya mjane anayehitaji kodi. Kazi waliiomba akina mama wa kanisa, wanataka mtu wa kuwawekea hesabu za mashine ya kusaga. Tena nije na chandarua.