Nilivyopunguza tumbo kujaa kutokana na endometriosisi
Nina endometriosisi, ugonjwa ambapo tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje yake. Maumivu ya hedhi yalikuwa na dawa zake. Lililonitesa zaidi ni tumbo kujaa gesi na kuvimba hadi nguo zinabana. Wenye endometriosisi wengi wanalijua hilo. Nikisimamiwa na mtaalamu wa lishe, niliacha kwa muda vitunguu maji, vitunguu saumu, ngano, maharage na maziwa yenye laktosi (sukari ya asili ya maziwa), kisha nikavirudisha kimoja kimoja huku nikiandika dalili. Usiiruke hatua hii ya kurudisha, la sivyo utajinyima chakula kisicho na kosa. Kwangu vilivyochokoza ni vitunguu na maziwa. Ngano naila bila shida. Tumbo limetulia sana. Ugonjwa wenyewe bado upo, na dawa za daktari sijaziacha.