Nilivyoielewa "get" nikiwa na wageni mlimani

Kama unataka kufanya kazi na wageni Kilimanjaro, neno la Kiingereza litakalokusumbua sio yale marefu ya kitaalamu, ni get. Herufi tatu tu. Yale marefu unayakariri yanaisha, maana kila moja lina kazi yake moja, lakini hii get mgeni anaitoa kila baada ya dakika mbili na kila ikitoka imebeba kitu kingine. Watu wa kamusi kubwa ya Oxford wanasema kwa sasa kitenzi kinachoongoza kwa maana nyingi ni run, kina maana 645, na mhariri wao Peter Gilliver alikaa nacho miezi tisa nzima, kabla ya hapo ilikuwa inatajwa set. Sawa, siwabishii. Ila mgeni akishafika mita 4,000 hasemi run wala set, pumzi yenyewe hana, anasema get.

Mi nilianza kama mpagazi, njia ya Machame, na nia yangu tangu mwanzo ilikuwa kuwa kiongozi. Shuleni tulifundishwa get ni pata, basi, na mwalimu alikuwa anasisitiza tusiitumie kwenye insha, tuandike obtain, receive, become. Kwa insha ni ushauri mzuri kabisa na mpaka leo ukiandika barua rasmi ya Kiingereza ifuate hiyo. Shida ni kwamba watu hawaongei insha. Nikiwa napita na mzigo nawasikia wageni, "I'm getting a headache", "it's getting cold", "let's get going", "did you get any sleep", nikiweka pata kila mahali baadhi zinakubali na nyingine zinagoma kabisa.

Kwanza nikaenda kwenye kamusi. Nikakuta orodha ndefu, nikaanza kukariri moja moja, haikunisaidia, sababu mgeni akiongea huna muda wa kupitia orodha kichwani. Kilichonisaidia ni kuacha kuiangalia get yenyewe nikaanza kuangalia kinachokuja NYUMA yake. Nikanunua kidaftari cha kutia mfukoni, kila jioni kambini nikawa naandika sentensi nilizozisikia siku hiyo, nazipanga kwa kufuata neno linalofuata get. Baada ya safari kadhaa kurasa zenyewe zikaanza kuongea. Na kilichonifurahisha zaidi ni kuona kwamba karibu kila ukurasa Kiswahili chetu kina njia yake tayari, tena mara nyingi iko ndani ya kitenzi chenyewe.

Ikifuatwa na kitu, jina, hapo ndo pata yetu, au pokea, nunua, leta. "Get some rest", pata mapumziko. "Can you get me some water", niletee maji. Hapa hakuna kazi.

Ikifuatwa na sifa, hapo mtu anaelezea kitu kinabadilika kutoka hali moja kwenda nyingine. Sisi hiyo tumeitia ndani ya kitenzi: get tired ni kuchoka, get angry kukasirika, get old kuzeeka, get fat kunenepa, get drunk kulewa. Angalia hayo maneno, hayahitaji msaidizi! Na penye msaidizi tunatumia pata ile ile, maji yamepata moto, "the water got hot", sawasawa kabisa na wao. Kwenye kazi yetu huu ukurasa ndo muhimu kuliko yote, yaani kama una muda wa kujifunza ukurasa mmoja tu jifunze huu, kwa sababu afya ya mgeni inasemwa humu. Headache ni jina, ila nimeiweka humu kwa sababu inaeleza hali ya mwili: "I've got a headache", kichwa kinaniuma, ninacho sasa hivi, na hujui kimeanza lini. "I'm getting a headache", ndo kinaanza. "It's getting worse", kinazidi. Hizo ni habari tatu tofauti na kila moja ina hatua yake. Kinachoanza unampa maji, mnapunguza mwendo, unamtazama kwa karibu. Kinachozidi wakati ameshapumzika na kumeza dawa ya maumivu, hapandi tena. Na kama anazidi huku anayumba kama mlevi au anahema akiwa amekaa tu, hapo hamna mjadala ni kushuka, hata kama ni saa nane usiku na kilele kinaonekana.

Kuna pia hii, mgeni wa Uingereza akisema "I was sick in the night" mara nyingi anamaanisha alitapika, na Mmarekani akisema "I got sick" inaweza kuwa alitapika au alishikwa na ugonjwa tu kwa ujumla. Uliza. Mi nauliza kwa maneno ambayo hayana get ndani yake, "did you vomit?", "when did it start?", "is it stronger now than this morning?" Hii ndo mbinu niliyokuja kuipenda kuliko zote, ukisikia get na hujaridhika usirudishe get, rudisha swali lenye kitenzi kimoja cha wazi. Mgeni hachukii, anaona unamjali.

Ikifuatwa na neno la kuonyesha njia, up, down, off, in, back, over, hapo ni mwendo: get up amka au inuka, get off shuka kwenye gari, get back rudi. Rahisi mpaka pale mwendo unapohamia kwenye moyo. Mgeni anaweza kukwambia "this rain is getting me down". Kwa mtu wa mlimani ukisikia down masikio yanasimama, unafikiri anataka kushuka, kumbe anasema mvua inamkatisha tamaa, anachohitaji ni chai ya moto na soksi kavu. Halafu mwingine anasema "I need to get down", huyo kweli anataka kushuka. Tofauti iko wapi? Angalia nani anafanya. Kama mvua, baridi au njia ndo inamfanya yeye, ni moyo. Kama ni yeye mwenyewe, ni miguu. Hivo hivo "I'll get over it", hapo havuki kitu chochote, anasema itapita tu, na hiyo sentensi mi huwa siiamini hata kidogo juu ya kambi ya Barafu, mita 4,600 na ushee, kwa sababu mtu aliyelipa pesa nyingi kuja kusimama kilele cha Uhuru, mita 5,895, atakwambia itapita hata kama haipiti. Na "I'm getting there" maana yake sio nafika sasa hivi, ni najikongoja naenda, bado.

Kuna jozi moja iliyonichukua muda kweli. "I got to see the sunrise" na "I've got to see the sunrise". Kwa sikio ni karibu kitu kimoja, ila ya kwanza ni nilipata kuona, nilijaliwa, na ya pili ni lazima nione. Ya kwanza ni pata kuona ya kwetu kabisa, neno kwa neno, yaani nilipogundua nilibaki naitamka peke yangu njia nzima. Ya pili kwenye mazungumzo ya haraka inakuwa "gotta", na ukiisikia hiyo kwa mgeni anayeyumba ujue una kazi ya kumbembeleza.

Ikifuatwa na kitenzi cha kutendwa, ni -wa yetu: got burnt, ameunguzwa na jua, got paid, amelipwa. Na ikimkamata mtu halafu ikampeleka mahali au kwenye hali fulani, ni -sha: get him down, mshushe. Get her warm, mpashe joto. Kiongozi mkuu akiipiga hiyo kwenye redio hasubiri maelezo, na mimi niliyeielewa kama mshushe nilikuwa nimeshainuka wakati mwenzangu bado anatafuta pata.

Kitu kingine wageni wenyewe huwa wanabishana mezani, Mmarekani anasema "I've gotten", Mwingereza anasema "I've got". Gotten sio kosa. Ni ya zamani huko huko Uingereza, ikasafiri na watu waliohamia Marekani ikabaki kule, Uingereza kwenyewe ikapotea taratibu japo ill-gotten, yaani iliyopatikana kwa njia haramu, wanayo hadi leo. Na get yenyewe asili yake ni lugha ya watu wa Skandinavia wa zamani, wale waliovamia Uingereza wakahamia, walikuwa wanasema geta. Hii nilimsimulia mzee mmoja kutoka Norway tukiwa tunakula, akafurahi sana, akaniambia kwao neno hilo bado lipo.

Siku hizi ni kiongozi msaidizi, na jioni kabla ya chakula wale wapagazi wanaojiandaa kuwa viongozi wanakuja, kila mmoja analeta get moja aliyoisikia njiani, tunaiweka kwenye ukurasa wake. Wanaandika kwenye vidaftari vyao, sio kwenye simu, chaji huku juu ni ya kuhifadhi.

Majuzi dogo mmoja akauliza, bro, kuna tofauti gani ya "I got you" na "I've got you"? Nikamwambia ya kwanza mara nyingi ni nimekupata, nimekuelewa, au usijali niko nawe, ila ile ya pili kwetu ina kazi maalum. Ukifika ukuta wa Barranco, ule mwamba wa kukwea, pale kwenye lile jiwe ambalo mtu inabidi alikumbatie ndo apite, mgeni mwenye hofu anasimama hasogei. Kamata mkono wake kwanza, ukishaushika vizuri ndo umwambie "I've got you". Maana yake nimekushika. Atapita.